Mpimaji Aliyezima Pikipiki

Pikipiki yake tuliiogopa zaidi ilipokuwa kimya. Ikinguruma barabarani hatukuwa na neno nayo, maana ilikuwa inapita tu, inaelekea zahanati au inavuka kwenda vijiji vya ng'ambo ya mto. Lakini Mpimaji alikuwa na desturi moja ambayo mwenyewe aliiona ni ya huruma. Alipokuwa anamfuata mtu nyumbani kwake, akifika pale juu mteremko unapoanzia, alizima injini na kuiacha pikipiki ishuke yenyewe mdogo mdogo hadi langoni, ili majirani wasijue kwamba amekuja. Majirani walijua. Walisikia changarawe zikisagika chini ya matairi, basi mama aliyekuwa anapeta mtama akasimamisha ungo, na watoto wakaitwa ndani bila kuambiwa kosa lao.

Genkuru si mahali pa watu waoga. Tunaishi jirani na mgodi mkubwa, na baruti zikilia mchana sahani zinacheza kabatini, sisi tunaendelea kula. Wezi wa ng'ombe tumewafukuza, fisi tumewafukuza. Ila changarawe zile zikianza kusagika, hata mimi ninayesemwa kwa ulimi mkali nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo zisimame kwa mwingine.

Hakuna aliyemwita kwa jina. Jina alikuwa nalo, limeandikwa kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni, lakini lilikuwa la kwao Njombe na midomo yetu haikulizoea. Watoto walimwamkia, "Shikamoo Mpimaji," naye akaitika marahaba kana kwamba ndilo jina alilopewa na mama yake. Kazi ilimleta huku akiwa kijana, akazeekea mikononi mwetu. Mambo ya ukoo wake siyajui na sikuwahi kuyauliza. Nilichokijua ni sweta lake. Sweta la kijani la sufu, alilivaa kwenye jua hili la kwetu linalochemsha maji ndani ya mtungi. Tukimcheka alisema, "Baridi yangu nimekuja nayo."

Alikuwa mtu wa kinyume na kinyume. Kutwa nzima alitoboa vidole vya watu, na mbuzi akichinjwa alizunguka nyuma ya jiko mpaka kazi iishe. Shemeji yangu alimwambia siku moja kwenye sherehe, "Sasa wewe daktari, damu ya mtu unaiweza, ya mbuzi ndiyo inakushinda?" Akajibu, "Ya mtu naichukua kidogo." Alituhubiria subira, tusikimbilie mambo, naye akiendesha pikipiki kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Pombe hakugusa, hata kwenye mahari, lakini ulanzi wa kwao aliusimulia kama mtu anavyosimulia marehemu. Akisahau kuwa yuko ugenini alitusalimia "Kamwene," kisha akacheka peke yake.

Kuhusu damu yetu, hata hivyo, hakuwa na mzaha. Nilimfahamu tangu siku za mwanzo za dawa, pale mume wangu alipokuwa ameshakufa na mimi nimebaki mifupa. Wakati huo kidonge kilipatikana, jibu ndilo lilikuwa tabu. Kujua kama una virusi halikuwa jambo kubwa, hilo waliweza kukwambia hapo hapo. Jambo kubwa ni kujua kama dawa inashinda au inashindwa, yaani virusi ni vingi kiasi gani ndani ya damu. Damu ya kupimia hilo ilibidi isafiri. Ilitiwa kwenye boksi la barafu, ikaenda mjini, ikatoka mjini ikaenda jiji, ikapanga foleni na damu za watu wengine, na jibu lilirudi wakati mahindi uliyokuwa unapanda siku ile yameshakauka ghalani. Katikati ya hapo mtu anaishi na swali tu. Unalima nalo, unalala nalo.

Ndipo ikaja mashine. Kisanduku cha kijivu, kikubwa kuliko redio zile za zamani, kinaweza kufanya kazi kwa betri pale umeme unapokatika. Mpimaji aliifunga nyuma ya pikipiki kwa mipira ya ndani ya tairi, akaizungushia blanketi, na blanketi lenyewe sote tulikuwa na hakika ni la kitandani kwake. Unatoa damu asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana unajua. Kama virusi vimelala hadi mashine haivioni, unaishi, unalima, unaweza kuzaa mtoto mzima. Kama vimeamka, unaambiwa ungali na nguvu ya kufanya kitu. Ilikuwa neema, sikatai. Lakini neema yenyewe ilikuwa inalia kama inzi aliyenaswa kwenye kioo cha dirisha, na sisi tumekaa kwenye benchi nje tukiisikiliza, kila mmoja akijua kwamba sauti ile ikikatika jina la mtu litaitwa.

Na hapo ndipo yalipoingia mambo ya karanga. Kijiji kina macho. Watu waligundua mapema kwamba mwenye jibu zuri haketi chumbani, anatoka mara moja, na mwenye jibu baya anakawia kwa sababu ya maneno mengi ya ushauri. Basi mtu akikawia, akitoka nje anakuta benchi zima limenyamaza. Mpimaji alipoligundua hilo alikasirika sana, halafu akaja na dawa yake. Alileta gunia la karanga. Kila aliyeingia kuchukua jibu alipewa sahani moja ya karanga za kumenya, sahani ile ile, imejaa vile vile, na hakuna kutoka mpaka iishe. Jibu lako ni zuri, unamenya. Jibu lako ni baya, unamenya huku unashauriwa. Hata mwenyekiti wa kijiji alimenya. Nje hakuna tena aliyeweza kubahatisha, na Mpimaji akapata mke wa kummenyea karanga bure mwaka mzima, nilivyomtania. "Nimeoa kijiji kizima," akasema.

Ila mwenye jibu baya ilibidi afuatwe nyumbani baadaye, kuona anakula nini, anameza saa ngapi, kopo la dawa analiweka wapi. Kile alichokificha kwa karanga kilifichuka kwa changarawe. Nadhani alilijua hilo. Aliendelea kuzima pikipiki kwa kuwa hakuwa na adabu nyingine ya kutupa.

Neno hilo, adabu, lilikuwa mdomoni mwake kila siku. "Damu haina adabu," alituambia. Alimaanisha kwamba damu haiangalii mkubwa wala mdogo, haijui mchungaji wala mwizi, ikiulizwa inasema yote mbele za watu. Yeye mwenyewe alikuwa na adabu kupita kiasi. Alibisha hodi hata kwenye nyumba isiyo na mlango. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kuja, aliogopa kukanyaga mila za watu, akawa anajifunza kwa wazee kama mtoto wa shule, lipi linasemwa na lipi halisemwi. Wageni wengine hukaa huku miaka mingi wakituita watu wakali na basi. Yeye alitujua hadi ndani, na naweza kusema kwamba kutujua huko ndiko kulikokaribia kuniangamizia nyumba.

Hapa inabidi nijieleze. Mume wangu alikufa bila kuniachia mtoto. Kwetu Ukuryani mwanamke wa namna hiyo hafungi nyumba akakaa kusubiri kufa. Anatoa ng'ombe, anaoa mwanamke. Tunaiita nyumba ntobhu. Mimi nimemwoa Robi, ng'ombe wametoka zizini kwangu, na watoto atakaowazaa ni wa nyumba ya marehemu mume wangu, wataitwa kwa jina lake. Mwanamume wa kuzaa naye yupo, mtoto haletwi na upepo, lakini huyo si mtu wa nyumba. Haitwi baba, hakai kwenye vikao, na mgeni mwenye adabu hamuulizi. Kuuliza mwanamume ni nani ni sawa na kumwambia yule mama kwamba nyumba si yake.

Robi alipopata mimba ya kwanza alikutwa na virusi kliniki, tena mimba imeshakuwa kubwa. Akaanzishiwa dawa. Mtoto akazaliwa, wa kike, mweusi mzuri, nikampa jina la mama yangu. Damu yake ilichukuliwa kisiginoni, wakati ule bado mashine haijafika, ikasafiri ile safari ndefu. Mtoto akaanza kunyauka. Tukasubiri jibu. Akanyauka zaidi, tukasubiri.

Jibu lililetwa na Mpimaji mwenyewe, changarawe zikisagika, nami nilikuwa nimekaa uani sina hata haja ya kuinuka. Aliona udongo mpya nyuma ya nyumba. Akashusha pumzi, akaketi chini, chini kabisa kwenye vumbi na sweta lake, wala hakutoa kile alichokuja kusema. Tulikaa hivyo hadi jua likahama. Alipoondoka alisema, "Jibu lililochelewa ni tanzia." Siku mashine ilipofika aliipapasa kama mtu anayepapasa ng'ombe wa mahari, na nilijua anamfikiria nani.

Kwa hiyo Robi aliposhika mimba tena, mimi na Mpimaji tulikuwa na jambo moja tu duniani. Mtoto huyu asiguswe. Kama naye angekwenda, nisingekuwa na moyo wa kuzika wa tatu, na jina la mume wangu lingeishia kwangu, mwanamke mzee na jembe lake. Nilimwongoza Robi kliniki mwenyewe. Walikuwa wamesema mama mjamzito aje na mwenza wake, naye apimwe. Mpimaji akamuuliza Robi, "Mwenza wako yuko wapi?"

Robi akaninyooshea mkono. "Ni huyu hapa. Ndiye aliyenioa."

Kulikuwa na nesi mgeni pale, akapasuka kicheko. Mpimaji akamgeukia kwa ukali ambao hatukuwahi kuuona. "Usicheke. Hiyo ni ndoa, ina ng'ombe wake na mashahidi wake." Akamweleza nyumba ntobhu vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Nikapimwa, virusi vyangu vilikuwa vimelala fofofo kama siku zote, wakaandika kwamba mwenza yuko salama. Nilirudi nyumbani nimenyoosha shingo. Sikuwahi kumpenda mtu wa serikali kama nilivyompenda siku ile.

Lakini damu ya Robi ilikuwa juu, virusi vimeamka.

Alimenya sahani yake ya karanga, nami nikakaribishwa ndani nimsaidie, na Mpimaji akazungumza kwa upole. Labda anasahau kumeza. Labda anatapika. Robi akatikisa kichwa akiangalia maganda. Akapewa muda, akapimwa tena, damu ikawa juu zaidi. Changarawe zikaanza kusagika langoni kwangu. Mpimaji alikuja akaomba kuliona kopo la dawa, akalimimina kitambaani, akahesabu. Vidonge vilivyobaki ndivyo vilivyotakiwa kubaki. Akaja tena siku nyingine bila kutarajiwa, akahesabu, vikawa sawa. Kopo linaisha vizuri, damu inapanda. Nilimwona akilitazama kopo lile kama mtu anayemtazama mbwa wake mwenyewe aliyemng'ata.

"Mama, anameza?"

"Nakula kiapo kwa kaburi la mume wangu. Nasikia kopo likilia kila jioni."

Maneno yakaanza. Walisema kati ya ng'ombe niliotoa kulikuwa na wa wizi, na mwenye ng'ombe amelaani. Mhubiri mmoja wa mahema akamwambia Robi atupe vidonge ashike imani. Mpimaji alimfuata hadi kwenye hema lake na sijui alimwambia nini, maana mhubiri alihamia Natta kabla ya Jumapili. Robi mwenyewe alikuwa anapungua usoni huku tumbo likikua. Usiku nilikuwa namsikia akigeuka kitandani upande wa pili wa ukuta. Asubuhi nikimuuliza ananiambia, "Ni mtoto tu anacheza, mama." Nami nilikuwa nikiutazama ule udongo nyuma ya nyumba, ambao sasa ulishaota nyasi, nikijua pako wapi mahali pa kaburi jingine.

Mwanamume alikuwepo wakati wote huo. Kijana wa kuja, mchimbaji wa mashimo madogo, mpole, hana makuu. Alikuja jioni na kuondoka kabla hakujapambazuka. Mlango wangu ulipoanguka aliutengeneza: alikata vipande vya tairi la lori, akavipigilia misumari vikawa bawaba, kila kimoja amekichonga ncha kama mkia wa mbayuwayu. Haulii kabisa ule mlango hadi leo. Mpimaji alizikuta buti zake za mpira kizingitini zaidi ya mara moja. Aliziruka, akageuza uso kutazama vilima. Nilimwona na nikamshukuru moyoni kwa adabu yake.

Watu husema mficha uchi hazai. Sisi tulikuwa tumeuficha na bado tunategemea kuzaa.

Siku aliyoyavunja yote ilikuwa alasiri, mimi na Robi tuko uani tunaanika mihogo. Tuliisikia pikipiki ikinguruma kule juu, nikasubiri izimwe. Haikuzimwa. Ilishuka mteremko wote ikipiga kelele, ikaingia langoni, ikaja kusimama katikati ya mihogo yangu, na hata hapo aliiacha ikiunguruma kidogo kabla ya kuizima. Majirani wote walikuwa wametoka. Hakubisha hodi. Hakuamkia. Sweta limelowa jasho.

"Mama," akasema, "mwanamume anayelala na mke wako ni nani?"

Nilikuwa na mchi mkononi. Nitasema ukweli, niliuinua. "Unasemaje wewe? Kwenye nyumba yangu? Umekuja kunivua nguo mbele ya watu?"

"Nipige baadaye. Kwanza nijibu. Ni nani?"

"Toka!"

"Nimeogopa swali hili tangu mimba iingie," akasema. "Nimeruka viatu vya yule mtu kama mwizi. Niliandika mwenza yuko salama, na nilijua kuna mwenza mwingine. Kopo haliwezi kuisha vizuri na damu ikapanda, isipokuwa kuna midomo miwili. Mimi nawaambia watu damu haina adabu, halafu adabu yangu ndiyo inamuua huyu mtoto. Robi, binti yangu. Vidonge vyako mnakula na nani?"

Robi aliketi chini polepole, mkono tumboni. Nilidhani uchungu umeanza. Kisha akasema bila kuinua macho, "Naye anaumwa. Anakohoa huko mashimoni. Leo nakula mimi, kesho anakula yeye."

"Mbona hakwenda zahanati?" nikamfokea. "Si mlango uko wazi?"

Robi akanitazama mimi, si Mpimaji. "Aende aseme yeye ni nani, mama? Kule mwenza wangu ni wewe."

Mchi ulinitoka mkononi wenyewe. Sikukosea, na hadi leo sitasema nilikosea. Niliambiwa nilete mwenza nikajileta, kwa haki yangu ya ng'ombe na mila. Wala Mpimaji hakukosea kuiheshimu nyumba yangu. Lakini kati ya haki yangu na heshima yake alikuwepo mtu mgonjwa asiye na jina, na nilihisi uchungu ambao sijui niupe jina gani, maana nilikuwa na hasira naye na namhurumia papo hapo.

Mpimaji alitaka aletwe, apimwe, apewe kopo lake mwenyewe. Hakuletwa. Nadhani aliisikia pikipiki akiwa njiani, au majirani walimpasha. Asubuhi tuliukuta mlango umefunguliwa kwa zile bawaba zake zisizolia, na kopo la Robi halipo.

Tangu hapo Robi alimeza mbele yangu, kwenye kopo jipya, kila jioni. Damu ikashuka. Marwa alizaliwa akilia kwa nguvu, akapewa dawa yake ya kinga ya maji, akatobolewa kisigino, na mashine ikajibu kabla sijamaliza nusu ya karanga zangu: hana kitu. Mpimaji alinilazimisha kumaliza sahani. Akasema bado, mtoto bado ananyonya, na maadamu ananyonya mlango haujafungwa. Kwa hiyo hatukushangilia. Tuliishi kwa kupimwa, na kila akipimwa nilikuwa naona zile buti kizingitini, ingawa hazipo.

Mara ya mwisho kumwona akiwa kazini ni hii ninayoisimulia. Marwa alikuwa ameshaachishwa ziwa, anakimbiza kuku, na kipimo chake cha mwisho kilikuwa kinangojwa. Nilikuwa nafagia uani niliposikia changarawe. Kimya, halafu changarawe. Ufagio ulinianguka. Kama jibu ni jema, kwa nini azime?

Hakuwa na jibu bado. Alikuwa amekuja na mashine, na blanketi lake, na mfuko wa karanga. Nywele zilikuwa nyeupe tupu. Alisema amebakiza siku chache astaafu, arudi Njombe, na kipimo hiki hakutaka kumwachia mtu. Aliitega mashine juu ya kigoda ndani ya nyumba, akamtoboa Marwa kidole, Marwa akamtukana kwa Kikurya, tukacheka kidogo. Kisha yule inzi akaanza kulia. Robi hakuweza kukaa ndani, akaenda kusimama kisimani bila ndoo. Mimi nilimenya. Mpimaji naye akachota, akamenya, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Maganda yakamwangukia juu ya sweta.

Mashine ikanyamaza. Akainama akasoma. Akasoma tena.

"Maliza karanga, Mama," akasema.

"Mpimaji, nitakupiga na hiki kigoda."

"Hana kitu. Mtoto ni mzima. Mlango umefungwa."

Nilimwita Robi kwa sauti iliyoitikiwa hata na watu wa ng'ambo. Alikuja mbio, akamnyanyua Marwa, akakaa naye palepale kizingitini, analia na mtoto anashangaa. Mimi nilitoka nyuma ya nyumba nikasimama penye nyasi zile, nikamwambia yule aliyelala pale kwamba mdogo wake amevuka. Sioni haya kusema nililia.

Niliporudi Mpimaji alikuwa hajafunga vitu vyake. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mlango wangu, anazigusa zile bawaba za tairi, anapitisha kidole kwenye ncha iliyochongwa kama mkia wa mbayuwayu.

"Kisaka kuna nyumba kama yako," akasema. "Mama mzee ameoa. Mke ana mimba. Nimekwenda mara kadhaa na hii mashine."

Sikutaka kuuliza, nikauliza. "Damu yake?"

"Inapanda. Na kopo linaisha vizuri." Akausukuma mlango, ukafunguka bila sauti. "Jana nimeona mlango wao. Umetiwa bawaba mpya."

Furaha yangu yote ikaingia ubaridi. Robi alikuwa ametusikia. Alimkumbatia Marwa akamgeuzia ukutani. Kwa hiyo yule mtu yu hai. Anatembea na nyundo yake na upole wake, anatafuta nyumba isiyomuuliza jina.

"Umemuuliza yule mama?"

"Nilipouliza alinitolea panga. Ana haki. Mimi ni mwanamume, mtu wa kuja. Swali hilo kwangu ni tusi." Akasimama, magoti yakilia. "Na nikiondoka, anayekuja baada yangu atakuwa na adabu, kama niliyokuwa nayo."

Hakuniomba. Angeniomba ningeweza kukataa. Alianza tu kuifunga mashine kwenye blanketi, polepole, mpira mmoja baada ya mwingine. Nilimwangalia Robi. Robi akasema, "Nenda, mama. Na ukimwona, mwambie achukue kopo lake. Asikimbie tena."

Nilifunga kanga kiunoni, nikapanda nyuma ya mashine. Tulivuka daraja la Mto Mara jua likiwa bado juu, tukapita mashamba ya mtama na makundi ya ng'ombe, naye safari hii hakukimbia. Tulipofika juu ya mteremko alinionyesha boma lile kwa kidevu. Mwanamke mzee alikuwa uani anapeta nafaka, na nyuma yake mwingine kijana ameshika kiuno, tumbo limetangulia. Kizingitini palikuwa na buti za mpira.

Niliona mkono wa Mpimaji ukienda kwenye ufunguo, kama ulivyozoea.

"Usizime," nikamwambia. "Tuingie wakitusikia."